Naomba ushauri: kuhamisha CD za zamani kwenda MP3

Habari za jioni wakuu. Nipo Nkuhungu, Dodoma. Marehemu mama ameniachia CD 34 za kwaya na ngoma za Kigogo, nyingi zimechomwa stationery, na sijaziona popote mtandaoni. Kwenye moja sauti ya mama ndiyo inayoanzisha wimbo. Hiyo sitaki kabisa iharibike.

Natumia laptop ya Windows 10 na deki ya nje ya USB. Nilianza na Windows Media Player, MP3 ya kbps 128 (kiasi cha data ya sauti kwa sekunde). Nyimbo zilitoka, ila zeze linasikika kama limefunikwa blanketi, na wimbo wa tano unaruka kila ukifika dakika ya pili. Nikahamia programu ya Exact Audio Copy, ile inayosoma kila kipande zaidi ya mara moja. CD safi inamaliza vizuri, lakini hiyo yenye sauti ya mama ilikaa saa mbili ikakwama palepale kwenye wimbo wa tano. Vumbi la huku mnalijua; nimeifuta kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, bado.

Wenye uzoefu naomba mnisaidie mawili. Je, nikijaribu deki nyingine inaweza kusoma pale ilipokwama, au nipeleke CD ikasuguliwe kwanza? Naogopa kusugua. Pili, nihifadhi FLAC (faili zisizopunguza ubora wa sauti, ila ni kubwa) kwanza ndipo nitoe MP3 za kwenye simu, au MP3 ya kbps 320 inatosha? Laptop imebaki na GB 20 tu.

Natanguliza shukrani.