Uovu: tunazaliwa nao au tunafundishwa?

Wakuu, tuna methali mbili zinazogombana, na kila mtu huokota inayomfaa siku hiyo. Akimlaani jambazi atasema mtoto wa nyoka ni nyoka. Akitaka kumsuta mzazi wa jambazi huyo huyo, atasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Leo tuzipambanishe.

Ugomvi wenyewe ni wa kale. Huko China, karne ya 4 kabla ya Kristo, Mencius alifundisha kwamba chimbuko la wema limo ndani ya kila mtu. Baadaye Xunzi akampinga: asili ya mtu ni mbaya, wema huja kwa kufunzwa. Ulaya nayo ikawa na Hobbes wake, aliyeona kwamba bila utawala watu wangedhuriana, na Rousseau, aliyesema mtu huzaliwa mwema na jamii ndiyo humharibu. Sitakaa sana kwa wanafalsafa, maana walibishana bila kupima.

Mimi nasimama upande wa jamii, ila kwa sharti moja. Nakubali kwamba sote tumezaliwa na uwezo wa kuumiza na uwezo wa kuhurumia. Ninachobisha ni kwamba uwezo huo unajiamulia wenyewe. Upi utumike, lini, na dhidi ya nani, hayo kwa sehemu kubwa huamuliwa na waliotuzunguka.

Mnalikumbuka jaribio la Stanley Milgram, Chuo Kikuu cha Yale, 1961. Wanaume 40 wa kawaida waliamriwa kumpiga mtu shoti ya umeme kila alipokosea jibu, na kumwongezea kila mara. Umeme haukuwepo, lakini hawakuambiwa. Watu 26 walifika mwisho, volti 450. Wengi husimulia hadi hapo, wakatikisa kichwa na kusema binadamu ni mnyama. Hawasimulii kilichofuata: Milgram alipowaweka washiriki wengine 40 pamoja na wenzao wawili, waliopangwa wagome katikati ya zoezi, waliofika mwisho walikuwa 4 tu. Asili ya binadamu ilibadilika lini hapo? Kilichobadilika ni kuona mwenzako akikataa. Najua wapo wanaosema baadhi ya washiriki walishtukia mchezo. Haya, lakini kushtukia peke yake hakuelezi pengo kubwa kiasi hicho. (Lile jaribio la Chuo Kikuu cha Stanford la 1971, ambako vijana waliigiza walinzi na wafungwa, naomba asiniletee mtu. Walinzi walielekezwa namna ya kuwabana wafungwa, kwa hiyo halithibitishi kwamba ukali ulizuka wenyewe.)

Upande wa asili hauko mikono mitupu. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti kuhusu wanaume wa Dunedin, New Zealand, waliofuatiliwa tangu utotoni. Wenye aina fulani ya jeni iitwayo MAOA walielekea zaidi kwenye ukorofi na uhalifu. Lakini soma vizuri: ni wale walioteswa utotoni. Wenye jeni hiyo hiyo waliolelewa bila mateso hawakuonyesha tofauti hiyo. Tafiti za baadaye hazijakubaliana zote, lakini hata tukiuchukua huu jinsi ulivyo, jeni imemhitaji mtesaji ili ifanye kazi.

Sasa nije kwenye kinachoninyima raha. Julai 1942, kikosi cha polisi wa akiba kutoka Hamburg, Ujerumani ya Hitler, kilipelekwa Józefów, Poland, kuwaua Wayahudi. Hawakuwa wauaji waliochaguliwa kwa ukatili wao. Wengi walikuwa watu wa makamo, wafanyakazi wenye familia. Kamanda wao, Meja Wilhelm Trapp, aliwaambia kabla ya kazi kwamba miongoni mwa wale wenye umri mkubwa, asiyejiweza anaruhusiwa kujitoa. Kati ya watu karibu 500, waliojitokeza pale pale walikuwa kama dazeni moja. Wengine walikwepa baadaye, kimya kimya. Walio wengi walipiga risasi.

Waliobaki wanaunga mkono hoja yangu: kuwaaibisha wenzao au kuonekana waoga kuliwatisha kuliko kuua. Lakini wale waliojitoa walitoka mji ule ule, walivaa sare ile ile, walisikia propaganda ile ile. Jamii ikiwa ndiyo kila kitu, wao waliponea wapi? Nikisema ni malezi ya nyumbani, mtaniambia nimekimbilia chaka. Nikisema ni tabia ya kuzaliwa, nimewapa ushindi.

Kwa hiyo anayeshikilia asili anieleze kwanza jinsi 26 walivyogeuka 4. Anayeshikilia jamii kama mimi anisaidie na hiyo dazeni. Na wote mnijibu hili: kama mazingira yana nguvu kiasi hiki, aliyepiga risasi tunamhukumu kwa kosa la nani?