Usaili wa ujaribu programu: zoezi la papo kwa papo au kazi ya nyumbani?

Kipimo: Wakuu, naomba tulinganishe. Waajiri wengine humwachia msailiwa achague: zoezi la dakika 60 huku msaili akitazama skrini, au kazi ya siku tatu ya kuandika majaribio ya otomatiki (msimbo unaoijaribu programu wenyewe) nyumbani. Ipi inamtoa mjaribu mzuri, na watu huangukia wapi?

Mpaka18: Papo kwa papo, hasa kama nafasi ni ya majaribio ya mkono. Zoezi lenyewe mara nyingi ni dogo mno: fomu yenye sehemu ya umri, sharti miaka 18 hadi 60. Wengi huanza kumwaga humo herufi na alama za ajabu. Kabla ya kugusa kibodi, uliza: 18 na 60 zenyewe zinakubaliwa? Namba kamili tu? Sehemu ikiachwa wazi inakuwaje?

Kisha gawa makundi matatu: chini ya 18, 18 hadi 60, juu ya 60. Chukua thamani moja kila kundi, tuseme 10, 35 na 70, halafu za mpakani: 17, 18, 60, 61. Hizo saba zinamnasa mwandishi wa msimbo aliyeweka > mahali pa >=. Kwa kosa hilo 18 itakataliwa na 35 itapita kama kawaida, kwa hiyo aliyejaribu 35 peke yake ataapa kwamba fomu ni nzima. Baada ya hapo ndipo zije sifuri, namba hasi, 18.5 na nafasi tupu mbele ya namba. Na useme kwa sauti sababu ya kuchagua kila moja. Wazo lililobaki kichwani halipewi alama.

HatuaKwaHatua: Mkuu Mpaka18 yuko sahihi, ila ameruka ripoti ya hitilafu, na hapo ndipo wengi hupotezea alama. Mtu anaikuta kasoro nzuri kabisa halafu anaandika "kitufe cha kulipa kina shida". Mtengenezaji ataanzia wapi? Andika: "Kubofya Lipa mara mbili haraka kunaunda malipo mawili kwa oda moja." Chini yake weka toleo la programu, kivinjari, hatua zenye namba, kilichotarajiwa, kilichotokea, na picha ya skrini.

Mtaulizwa pia tofauti ya ukali (hitilafu inaharibu kiasi gani) na kipaumbele (irekebishwe haraka kiasi gani). Jina la kampuni likikosewa herufi kwenye ukurasa wa mbele, ukali ni mdogo lakini kipaumbele ni cha juu. Programu ikizima ghafla kwenye ripoti inayofunguliwa mara moja kwa mwaka, ukali ni mkubwa, ila marekebisho yanaweza kusubiri kama siku hiyo bado iko mbali.

SkriptiTulivu: Kwa nafasi ya otomatiki mimi napingana nanyi. Chagueni kazi ya nyumbani, kwa sharti moja: mradi uwake kwenye kompyuta ya msaili. Mradi ukigoma kuwaka, hakuna atakayesoma msimbo wako. Kwenye README (faili la maelezo ya mradi) weka toleo la lugha, amri ya kusakinisha na amri moja ya kuendesha. Kisha pakua mradi wako upya kwenye folda tupu, ufuate maelezo yako mwenyewe neno kwa neno.

Majaribio 8 yanayopita mara 20 mfululizo yana uzito kuliko 40 yanayoyumba, leo yanapita kesho yanaanguka. Mchawi wa kwanza ni `Thread.sleep(5000)`, yaani kusubiri sekunde 5 hata iweje: seva ikichukua sekunde 6 jaribio linaanguka, ikichukua 1 umepoteza nyingine 4 bure. Kwenye Selenium (zana ya kuendesha kivinjari kwa msimbo) tumia `WebDriverWait`, usubiri hadi kitufe kibofyeke, na usiichanganye na `implicitlyWait`, ile subira ya jumla kwa kila kitu, maana muda wa kusubiri hautabiriki tena. Playwright, zana nyingine ya aina hiyo, yenyewe husubiri kitufe kiwe tayari kabla ya kukibofya.

Mchawi wa pili ni majaribio yanayoegemeana. La pili linaingia kwa akaunti iliyoundwa na la kwanza. Yakiendeshwa sambamba, la pili linafika akaunti haijazaliwa. Kila jaribio liunde data yake.

Kipimo: Ahsanteni sana. Na cheti cha ISTQB (bodi ya kimataifa ya vyeti vya ujaribu programu) kinasaidia?

HatuaKwaHatua: Mtihani wa ngazi ya Foundation una maswali 40, dakika 60, na kufaulu ni alama 26 kati ya 40. Unakupa msamiati mmoja na wasaili. Zoezi utafanya vilevile.

Mpaka18: Ongeza SQL (lugha ya kuuliza hifadhidata) kwenye maandalizi, kwa njia yoyote utakayochagua. Swali linalopendwa: tafuta barua pepe zilizosajiliwa zaidi ya mara moja.

`SELECT email, COUNT(*) FROM watumiaji GROUP BY email HAVING COUNT(*) > 1;`

Wengi huweka sharti la hesabu kwenye WHERE, na hifadhidata inakataa, kwa sababu WHERE huchuja rekodi kabla hazijahesabiwa.

SkriptiTulivu: Hapo ongeza `LOWER(email)`, inayogeuza herufi zote kuwa ndogo, kwenye SELECT na kwenye GROUP BY. Hifadhidata inayotofautisha herufi kubwa na ndogo itahesabu Asha@ na asha@ kama watu wawili, na msaili makini hupanda rekodi ya namna hiyo makusudi.