Jaketi okozi la mtoto: Lamu hadi Mtangawanda kwa mashua

BintiMkomani: Assalaam aleikum. Mwezi ujao navuka na watoto wawili kwa mashua ya injini, Lamu hadi Mtangawanda. Mkubwa ana miaka 5, kilo 17. Mdogo ana miezi 8, kilo 8. Majaketi ninayoyaona mashuani ni ya watu wazima. Nikiyakaza sana yatafaa? Na mdogo nimfunge mgongoni kwa leso?

NangaTatu: Waalaikum salaam dada. La mtu mzima halifai hata ulikaze vipi. Mtoto akiingia majini, jaketi hupanda na yeye hubaki chini: kola inamfunika uso, au anainua mikono na kuchomoka.

Nunua kwa kilo, umri uache. Kanuni za SOLAS za meli za kimataifa huhesabu chini ya kilo 15 kuwa jaketi la mtoto mchanga, na kilo 15 hadi 43 la mtoto. Kipimo hicho cha pili ni kipana mno kwa mtoto wa kilo 17, kwa hiyo tafuta lebo yenye kipimo chembamba, mfano kilo 15–20 au 15–30. Usinunue kubwa eti atakua nalo, hii si sare ya shule.

Kisha soma kwenye lebo daraja la nguvu ya kuelea. La 50 (kiwango cha kimataifa ISO 12402-5) ni la anayejua kuogelea na msaada uko karibu. Wako wanahitaji angalau 100 (ISO 12402-4), lenye kola nene kisogoni. Kichwa cha mtoto mdogo ni kizito kuliko mwili wake unavyoweza kukimudu majini, hivyo huelekea kulala kifudifudi. Viboya vya kupulizwa vya mikononi ni vya kuchezea tu.

Kibwebwe_K: Naongeza namna ya kuvisha, maana hapo ndipo wengi hukosea hata wakiwa na jaketi zuri. Mvike juu ya nguo nyepesi. Funga zipu na vifungio vyote, kaza mkanda wa kiunoni kwanza, kisha wa kifuani. Mkanda wa kupita katikati ya mapaja ndio unaozuia jaketi lisipande. Kwa mtoto ni lazima, na ukikuta umekatwa, acha jaketi hilo. Uache nafasi ya kupitisha kiganja tu.

Sasa shika jaketi mabegani, uliinue juu. Likifika masikioni au kidevu kikazama ndani, ni kubwa au limelegea. Rudia baada ya kuketi mashuani, mikanda hulegea.

Kabla ya safari mjaribu kwenye maji ya kifuani kwako, ukiwa umemshika. Mdomo ukae juu ya maji bila yeye kuhangaika. Mtoto aliyekwisha kuzoea jaketi halivui katikati ya safari kwa kulia joto.

BintiMkomani: Ahsanteni. Na la leso?

NangaTatu: Usimfunge. Mkianguka, jaketi lako linakulaza chali, naye yuko chini yako. Wala usimwingize ndani ya jaketi lako. Mvike lake, mpakate mbele, na lake liwe na mshipi wa kunyakulia kisogoni ili aliye juu amvute.

MwanaPwani_Tanga: Kwenye mashua wazi wavae tangu gatini hadi washuke. Feri yenye chumba kilichofungwa ni habari nyingine: chumba kikijaa maji, jaketi la sponji humbana mtu darini. Huko kaeni karibu na mlango, jaketi mkononi, mfuate amri ya mabaharia.

Ukinunua la mitumba, bana sponji. Ikibaki bonde au kitambaa kimepauka na kuchanika ukikivuta, achana nalo. Hakikisha firimbi ipo. La kujijaza gesi usimpe mtoto. Baada ya safari lisuuze kwa maji yasiyo ya chumvi, ulianike kivulini, na watu wasiligeuze mto wa kukalia, sponji ikishapondwa hupoteza uwezo wa kuelea.