Nilipe mkopo wa nyumba haraka au niweke akiba kwanza?

Habari zenu wakuu. Niko Kiamunyi, Nakuru. Mkopo wa nyumba nalipa 38,000 kwa mwezi, riba asilimia 14, imebaki miaka 11. Kila mwezi hubaki kama 12,000, na zote nimekuwa nikiziongeza kwenye mkopo, maana riba hupigwa kwa salio.

Lakini Mei mama alilazwa ghafla Kisumu. Kwenye simu nilikuwa na 1,900. Nilisimama kwenye korido ya hospitali saa saba usiku nikikopa kwa simu, ilhali pesa nilizozidishia benki hazirudi. Niliumia sana.

Mke wangu ataka tuweke kwanza matumizi ya miezi 3. Wapi, basi? Akiba ya sacco ile ya kuombea mkopo (deposits) kwa kawaida haitoki mpaka ujiondoe uanachama. Nigawanye nusu kwa nusu, ama nisimamishe ziada kabisa? Naombeni ushauri.