Sarafu za Marekani enzi za ukoloni, nianzie wapi?

Kijana_Chenji: Wakuu habari zenu, niko Boston hapa nimeanza kukusanya sarafu, nataka zile za kabla ya uhuru wa Marekani ila kila nikiuliza naambiwa za Kihispania, kwani si lilikuwa koloni la Mwingereza?

Mzee_wa_Fedha: Ndio la Mwingereza mdogo wangu, lakini fedha yake ilikuwa adimu kule, kwa hiyo watu walitumia chochote kilichokuja na meli, hasa reale nane, yaani sarafu moja kubwa ya fedha ya Mhispania yenye thamani ya reale nane, toka Mexico na Potosí (Bolivia ya leo), wakitaka chenji wanaikata vipande kama keki. Na hiyo ikaendelea kuwa pesa halali Marekani mpaka 1857! Hata sie pwani neno riale tumelipata huko huko kwa reale.

Bi_Shaba: Za kienyeji tafuta shilingi yenye picha ya mti wa msonobari, ya hapo hapo Boston. Usishangae zote zimeandikwa 1652, walizipiga miaka mingi bila kubadili mwaka. Ila bei yake jamani, andaa mfuko.

Kijana_Chenji: Reale nane nimeiona sokoni dola 20 tu, nichukue?

Mzee_wa_Fedha: Weka kwenye mzani kwanza, inatakiwa gramu 27 hivi. Mie niliuziwa moja ya gramu 21, imeng'aa vizuri kabisa, nikaja kuigeuza ubavuni nakuta alama ya maungio imezunguka kote, yaani ni feki, imemiminwa kwenye kalibu badala ya kupigwa. Ipo drooni mpaka leo.

Kijana_Chenji: Duh. Naenda kununua mzani.