MREJESHO: Mchoro wa data wa kikoba chetu

Wakuu, nimerudi na ule mchoro niliowaomba ushauri, unaoonyesha majedwali ya kumbukumbu za kikoba na jinsi yanavyoungana. Nilikwama hivi: mkopo mmoja una wadhamini kadhaa, na mwanachama mmoja anadhamini mikopo mingi. Nilikuwa nimejaza mdhamini1, mdhamini2, mdhamini3 ndani ya jedwali la Mkopo. Aibu, najua: akija mdhamini wa nne hana pa kukaa.

Nimefuata ushauri wenu. Uhusiano huo wa wengi kwa wengi nimeuvunja kwa jedwali la kati, Udhamini: namba ya mkopo na namba ya mwanachama, zote mbili pamoja ndiyo ufunguo mkuu, yaani kinachotambulisha kila rekodi bila kujirudia. Kile kiasi anachodhamini kila mtu, kilichoninyima usingizi, kumbe makazi yake ni hapo hapo.

Mhazini alipoona mchoro akauliza, "Na mtu akijidhamini mwenyewe?" Mistari ya mchoro inayounganisha majedwali haizuii hilo. Nimeliandika pembeni kama sharti, programu ndiyo itakayokagua.