Msaada: mboga zangu za mvuke zinatoka majimaji, nakosea wapi?

Mama_Sahani: Wakuu, habari zenu. Nimepunguza wanga, huu mwezi wa pili, na usiku ni samaki au nyama na mboga za mvuke, basi. Kinachonishinda ni hizo mboga. Jana nimepanga koliflawa, brokoli na zukini kwenye chujio la chuma juu ya sufuria, nikafunika, dakika 15. Kufunua: koliflawa angalau inatafunika, brokoli imegeuka rangi ya magwanda, zukini nimeichota kwa kijiko. Sahani nzima inaogelea. Mume wangu kauliza kama ni supu. Chumvi naweka saa ngapi? Na karoti zinaruhusiwa?

Jiko_Halizimi: Pole dada, nimecheka hapo kwenye supu. Kosa ni kuziingiza zote kwa mpigo. Maji yachemke kwanza, kina cha vidole viwili tu, yasiguse chujio. Yakigusa hapo unachemsha. Tanguliza koliflawa, vipande vidogo. Baada ya dakika 3 weka brokoli. Zikipita 2 nyingine weka zukini, hesabu 3, zima. Jumla 8. Jaribu shina la brokoli kwa ncha ya kisu: kiingie, ila kwa kusukuma kidogo.

mzee wa kuchemsha: Mambo mengi ya nini? Mimi natumbukiza kwenye maji ya chumvi, maisha yanaendelea.

Jiko_Halizimi: Sawa mzee, ila vitamini C huyeyuka kwenye maji. Ukimwaga yale maji, nayo umemwaga.

Kijani_Kibichi: Kuhusu rangi: mboga ina asidi yake ndani, ikikaa motoni muda mrefu asidi hiyo inaharibu ukijani. Ndimu ni vilevile, kamua mezani, si jikoni. Na ukizima moto funua hapo hapo! Wengi wanaacha kifuniko "isipoe", mboga inaendelea kuiva na jasho la kifuniko linaidondokea. Hiyo ndiyo supu yako. Mimi namwaga mboga kwenye kitambaa safi, nusu dakika, ndipo naweka bakulini. Chumvi mwisho kabisa, maana inavuta maji. Zukini kata vinene, unene wa kidole.

Kijani_Kibichi: Nimesahau karoti. Gramu 100 mbichi zina wanga wa gramu 10 hivi, brokoli 7, koliflawa 5, zukini 3. Karoti moja kwa ajili ya rangi haina neno. Jihadhari na njegere (14) na mahindi mabichi (19), mahindi yanavipita hata viazi.

Jiko_Halizimi: Na usizile kavu kavu. Kijiko cha mafuta ya zeituni au siagi yenye kitunguu saumu, hakina wanga wa kukutisha, na vitamini A na K zinahitaji mafuta ili mwili uzifyonze.

pita_njia: Nje ya mada kidogo: kama unapunguza wanga huku unatumia insulini au vidonge vya kisukari, ongea na daktari wako kwanza. Sukari inaweza kushuka ghafla.

Mama_Sahani: Situmii dawa yoyote, asante kwa kunijali.

MREJESHO: nimefuata 3-2-3 na kitambaa. Brokoli kijani kabisa, ukiuma inalia. Zukini imesimama yenyewe! Kitunguu saumu ndiyo nimekiunguza, lakini hiyo nitaifungulia uzi wake.